Vienna: kiingilio kipi ulipe, kipi uache

Anayepanga siku moja au mbili za kutembelea Vienna hukwama hapa: alipe kuingia ndani ya makasri ya ukoo wa Habsburg, waliotawala Austria kwa karne nyingi, yaani Schönbrunn na Hofburg, au atosheke na nje?

Wanaosema nje panatosha wana hoja. Bustani ya Schönbrunn haina kiingilio. Ukipanda kilima hadi Gloriette, jengo la matao la mwaka 1775, unaliona kasri lote na mji nyuma yake. Nyua za Hofburg katikati ya mji nazo ni njia ya kila mtu: unapita chini ya Lango la Waswisi la mwaka 1552 na hakuna anayekuuliza tiketi.

Ila Schönbrunn bila vyumba vyake ni nusu ya habari. Kati ya vyumba 1,441, ziara ndefu inapita takriban 40, na huchukua kama saa moja. Humo kipo Chumba cha Vioo, ambamo Mozart anasemekana kupiga kinanda mbele ya mtawala Maria Theresa mwaka 1762 akiwa na miaka sita. Kipo kitanda cha chuma alichofia Kaizari Franz Joseph mwaka 1916, kitanda ambacho hata bwenini kisingeonewa wivu. Na kipo chumba cha Kichina ambamo Karl I, kaizari wa mwisho wa Austria, tarehe 11 Novemba 1918, alitia saini tamko la kujitoa katika utawala. Haya huyapati bustanini.

Hofburg hesabu inageuka. Vyumba vinavyolipiwa vinarudia maisha ya Franz Joseph yule yule na mkewe Elisabeth, maarufu kama Sisi. Ndiyo, pete za mazoezi za Elisabeth katika chumba chake cha kuvalia zinavutia, lakini kama umetoka Schönbrunn asubuhi, mchana utachoka. Hapo ni heri pesa iende Schatzkammer, hazina iliyo humo humo Hofburg, yenye taji la Dola Takatifu la Kirumi, kazi ya karne ya 10. Hufungwa Jumanne.

Hapo ndipo tiketi ya pamoja, Sisi Pass, inapowaponza wengi. Inaunganisha Schönbrunn, Jumba la Makumbusho la Sisi pale Hofburg, na makumbusho ya samani yaliyo mtaa mwingine kabisa. Schatzkammer haimo. Mwenye siku mbili na mapenzi ya dhati na Sisi atafaidika. Mwenye siku moja huishia kulipia samani asizoziona.

Kosa linalouma zaidi ni la muda. Tiketi ya Schönbrunn ina saa yake, nayo ni saa ya kuingia vyumbani, si ya kufika getini. Kutoka kituo cha U4, treni ya chini ya ardhi, kuna mwendo wa miguu, kisha uwanja mpana, kisha foleni ya kuacha mkoba mkubwa. Fika nusu saa kabla. Gloriette ipande baadaye, si kabla.