Mapenzi ya Waelfi yana wazazi

Kila mjadala wa mapenzi ya Waelfi, wale watu wasiozeeka wa hadithi za J. R. R. Tolkien, unaanza na hesabu ya umri. Arwen, binti wa Kielfi, alikuwa na miaka 2710 siku Aragorn, mwanadamu, alipomwona akitembea kati ya miti kule Rivendell, nyumbani kwa baba yake, na kijana mwenyewe ndiyo kwanza katimiza 20. Watu wanashangaa, wengine wanakereka, na maneno yanaishia hapo. Kwa muda mrefu nami nilizisoma habari hizo vivyo hivyo: mwanamume, mwanamke, na kifo katikati yao. Siku hizi nikifungua kurasa zile namtafuta Elrond, baba wa Arwen. Mapenzi ya watu wasiozeeka huyaelewi mpaka umtazame mzazi, ndugu na mke wa kwanza, maana hao hawaondoki.

Kwetu wanadamu kifo kinafanya kazi nyingi ambazo hatukukituma. Kinamaliza ndoa iliyofika mwisho. Kinampunguza nguvu baba mkali hadi mwanawe ashike nafasi. Hata Kiswahili kimepanga ngazi ya ukoo kwa ajili ya watu wanaokufa: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza, na baada ya hapo maneno yanatuishia, kwa sababu nani atakuwa hai kumpakata wa ngazi inayofuata? Kwa Waelfi, babu wa babu yako yupo, ana afya tele, na ugomvi wake na mdogo wake bado haujapoa.

Tolkien alilijua hili barabara. Waelfi wake hawafi kwa uzee wala kwa maradhi. Akiuawa mmoja wao, roho inakwenda kwenye kumbi za Mandos, mlinzi wa wafu, na kungoja, na yaweza kurudishiwa mwili. Kwa hiyo ndoa yao ni moja, na haina tarehe ya kuisha. Wachumba hupeana pete za fedha, hungoja mwaka mmoja au zaidi, kisha wakioana hupeana za dhahabu. Wengi huoa mapema, muda si mrefu baada ya kutimiza miaka 50, na watoto wao ni wachache, kwani kuzaa huwala wazazi nguvu nyingi za mwili na za roho. Mambo haya yamo katika maandishi yake yaliyochapishwa mwaka 1993, miaka 20 baada ya kifo chake, na mimi nayaona kuwa msingi wa misiba yote mingine.

Mchukue Finwë, mfalme wa Wanoldor, mojawapo ya koo za Waelfi. Mkewe Míriel, fundi wa sindano asiye na mfano, alimzaa Fëanor na nguvu zote zikamwishia. Akaomba apumzike. Akapelekwa kwenye bustani za Lórien, akalala kama mtu aliyepitiwa na usingizi, na roho ikauacha mwili. Mwili haukuharibika. Finwë akawa anakwenda mara kwa mara, anakaa chini ya mierebi ya rangi ya fedha kando ya mkewe, anamwita kwa majina yake. Haitikii. Sijui ukurasa wenye upweke kuliko huo. Mjane wa kibinadamu huita akijua kwamba hataitikiwa. Finwë aliita akijua kwamba mkewe angeweza kuitika, ila hataki.

Kisha akampenda Indis, ambaye alikuwa akimpenda kwa siku nyingi, na hapo sheria ikagota. Mwanamume hawezi kuwa na wake wawili walio hai, na Míriel anaweza kurudi wakati wowote. Wakuu wa Valinor, nchi ya miungu iliyo ng’ambo ya bahari walikoishi, wakakaa baraza. Uamuzi wao ulikuwa kwamba Finwë ataoa, lakini kwa sharti kwamba Míriel asirudi tena katika uhai. Aliulizwa, akakubali. Fikiria kukulia katika nyumba hiyo ukiwa Fëanor. Mama yako hakufa tu. Kufa kwake kumetiwa muhuri ili baba apate harusi nyingine, na kila ndugu wa kambo anayezaliwa ni ushahidi kwamba mama hana njia ya kurudi. Watu humwita Fëanor mwenye kiburi, na kweli alikuwa nacho. Mimi kwanza namwona mtoto ambaye msiba wake ulipigiwa kura.

Kuna jambo dogo linalonigusa zaidi ya vita vyote. Míriel alikuwa na jina la pili, Therindë, lenye maana ya mshonaji. Wakati ule Wanoldor walikuwa wameanza kuiacha sauti ya th na kutamka s, naye akataka jina lake litamkwe kama zamani. Baada yake, Fëanor aliishikilia ile th kama amana. Indis alipokubali kutamka s kama wenzake, mtoto wa kambo aliliona hilo kuwa tusi kwa mama yake, na akawafundisha wanawe wasiteleze. Sisi tunaosikia kila siku mtu akisema “samani” akiwa na maana ya thamani, tunajua jinsi herufi moja inavyoweza kumtambulisha mtu kabla hajamaliza sentensi. Kwa Fëanor herufi hiyo ndiyo kaburi pekee alilokuwa nalo la kulinda.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Kwa wana wa Finwë mavuno hayo yalichelewa mno. Fëanor alimwelekezea Fingolfin, ndugu yake wa kambo, ncha ya upanga kifuani, akafukuzwa mjini kwa miaka 12, na baba akamfuata mwanawe huko uhamishoni, akamwacha Indis. Hapo ndipo Finwë alipouawa na Melkor, adui mkuu wa Waelfi. Hata mauti hayakumtoa kwenye ndoa zake mbili: katika maandishi hayohayo ya baadaye, alimkuta Míriel katika kumbi za Mandos na akakubali kubaki humo daima ili mkewe apate ruhusa ya kurudi.

Ninaposoma riwaya nyingine za Waelfi, hiki ndicho ninachokikosa. Mhusika anapewa miaka 900 na masikio yaliyochongoka, kisha anagombana na mama yake kama kijana wa miaka 16, na anapenda kama mtu aliyefiwa na ukoo mzima. Wazazi hawaonekani, mashemeji hawapo. Ninaamini mwandishi akimpa mtu umilele ni lazima ampe pia watu wa kuumaliza nao, la sivyo umilele huo ni pambo tu.

Ndiyo maana narudi kwa Elrond. Alikuwa na pacha, Elros. Kwa kuwa wazazi wao walikuwa na damu ya Waelfi na ya wanadamu, kila mmoja aliambiwa achague. Elrond akachagua kuwa Mwelfi, Elros akachagua ubinadamu, akawa mfalme wa kwanza wa Númenor, kisiwa cha wanadamu, akafa akiwa na miaka 500. Kaka mtu akabaki hai na kuona uzao wa pacha wake ukizaliwa na kuzikwa, zaidi ya vizazi sitini. Mwisho kabisa analetewa mtoto wa miaka miwili ambaye baba yake ameuawa. Anamlea kama mwanawe, anampa jina la Estel, yaani Tumaini. Mtoto huyo ni Aragorn. Uchaguzi uleule uliomchukua pacha wake unarudi kumchukua binti, kwani kuolewa na mwanadamu ni kuchagua kufa, na unarudi kwa mkono wa kijana aliyemlea mwenyewe.

Elrond alimwambia Aragorn kwamba hatamwoza Arwen kwa mtu aliye chini ya mfalme wa Gondor na Arnor, falme mbili za wanadamu. Wasomaji wengi huliona hilo kuwa mahari ya kukomoa. Mimi namwona baba anayeomba miaka zaidi. Alipata 39, kuanzia uchumba wa mwaka 2980 hadi harusi ya 3019, kwa kalenda ya hadithi. Baada ya harusi, baba na binti walipanda milimani peke yao wakazungumza kwa muda mrefu. Tolkien hakuandika walichoambiana, na namshukuru kwa hilo.

Arwen alipata miaka 120 na mumewe. Alipofiwa hakubaki na wanawe. Alikwenda Lothlórien, msitu wa Waelfi, kwao mama yake, akakuta bibi na babu wameshaondoka, na majani yanapukutika. Akalala juu ya kilima cha Cerin Amroth, mahali alipomwahidi Aragorn, akafia hapo peke yake. Wazazi ambao wangemzika walikuwa hai, ng’ambo ya bahari.

Na huko ng’ambo alikuwako Celebrían, mama yake. Mwaka 2509 alitekwa na maorki, viumbe katili wa adui, akiwa njiani kwenda Lothlórien. Wanawe walimwokoa, Elrond akamponya jeraha, lakini furaha ya kuishi ilikuwa imemtoka, na mwaka uliofuata alipanda meli akaondoka. Mumewe alimfuata mwaka 3021, baada ya miaka 511. Katika meli hiyo alikuwamo Galadriel pia, mama yake Celebrían. Nimekuwa nikiwaza siku meli ile ilipotia nanga. Celebrían yuko ufukweni. Anamwona mume akishuka, anamwona mama akishuka. Wavulana wamebaki nyuma kwanza. Anatupa macho melini, nyuma ya bega la mumewe, kumtafuta binti.