Mnyororo ukitoka kwenye fuwele, unarudi wapi?

Mwaka 1957 Andrew Keller wa Chuo Kikuu cha Bristol alichunguza fuwele za polithini (plastiki ya mifuko, ambayo molekuli zake ni minyororo mirefu ya kaboni) zilizoota kwenye myeyusho, akakuta kitendawili. Fuwele zilikuwa vibao vyenye unene wa nanometa 10 hivi, na minyororo ya molekuli imesimama wima ndani yake. Sasa, mnyororo wa atomu 10,000 za kaboni ukinyooshwa unafika takriban nanometa 1,270. Unaeneaje humo? Unajikunja, akasema Keller: unapanda na kushuka, mara mia na ushei.

Kwamba unajikunja, wengi walikubali. Ugomvi ukawa ni pale unapochomoza juu ya kibao. Keller aliona unageuka papo hapo na kuingia ubavuni mwa ulipotokea. Paul Flory, aliyekuja kupata Nobeli ya Kemia mwaka 1974, alikataa. Polima, yaani dutu ya minyororo mirefu kama polithini, ikiyeyuka ni uzi uliovurugika. Ikipoa haina nafasi ya kujifumbua. Mnyororo unatoka, unatangatanga, kisha unaingia popote, hata kwenye kibao cha jirani, mfano wa nyaya za swichibodi ya simu za zamani.

Mimi naegemea kwa Flory, na kisa ni mfuko wa plastiki. Kata ukanda, uvute polepole. Unafanya kiuno, kiuno kinarefuka, na ukanda haukatiki. Kama kila mnyororo ungejifungia ndani ya kibao chake, vibao vingeachana kama karata. Ipo minyororo inayoviunganisha.

Ila hesabu inambana Flory. Minyororo inachomoza ikiwa imesongamana mno. Yote ikitangatanga juu ya kibao, tabaka hilo la vurugu lingesongamana kuliko fuwele yenyewe. Kumbe fuwele ya polithini ina gramu 1.00 kwa sentimita ya ujazo, na sehemu isiyo na mpangilio 0.85. Kwa hiyo sehemu kubwa ya minyororo, kama theluthi mbili, lazima igeuke karibu.

Miaka ya 1970 vipimo vya kurusha nyutroni kwenye sampuli ili kuona umbo la mnyororo vilimpa kila mmoja chake: fuwele za myeyusho zilimfaa Keller, za polima iliyoyeyuka zikamfaa Flory. Hapa nasita kidogo. Vipimo hivyo vilihitaji minyororo yenye deuteri (hidrojeni nzito, ambayo nyutroni huitofautisha) ichanganywe na ya kawaida, na mchanganyiko huo ukipoa taratibu aina hizo mbili hujitenga. Ikabidi sampuli zigandishwe ghafla, yaani katika hali ileile ambayo mnyororo hauna muda wa kujikunja vizuri.