Kijana mrefu wa Cebu hakulazimika kuhama

Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Doha, na miaka yote hiyo nimefanya kazi ghalani pamoja na Wafilipino. Alfajiri tunapanda basi moja la kampuni, mchana tunakula pamoja, na mshahara ukiingia tunapanga foleni moja kwenye duka la kutuma pesa nyumbani. Wao humwita mwanamume aliyewazidi umri *kuya*, yaani kaka mkubwa, nami nimekwisha kuwa kuya wa vijana wao kadhaa. Alhamisi jioni, kazi za juma zinapokwisha, mazungumzo yao huhamia kwenye mpira wa kikapu, na ni nadra yakaisha kabla jina la June Mar Fajardo halijatajwa. Mwanzoni nilisikiliza kwa adabu tu. Siku hizi naifuatilia habari yake kwa moyo wote, kwa sababu maisha ya mchezaji huyo yamenionyesha kitu ambacho sisi wa Dar es Salaam tumekikosa.

Fajardo alizaliwa mwaka 1989 katika mkoa wa Cebu nchini Ufilipino, mbali na mji mkuu, katika familia ya kipato kidogo. Alikua hadi kufikia urefu wa mita 2.08, akasoma Chuo Kikuu cha Cebu, akaichezea timu ya chuo hicho. Mwaka 2012, ligi ya kulipwa ya nchi yake, PBA, ilipofanya uteuzi wa wachezaji wapya, yeye ndiye aliyeitwa wa kwanza, na klabu iliyomchukua ni hiyo hiyo ya San Miguel anayoichezea hadi leo. Kuanzia msimu wa 2014 alishinda tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara sita mfululizo, ilhali kabla yake hakuna aliyewahi kuzidi mara nne. Katika miaka hiyo klabu yake ilitwaa Kombe la Ufilipino, ambalo haliruhusu wachezaji wa kukodiwa kutoka nje, mara tano bila kukatiza.

Kisa ambacho wenzangu hawachoki kukisimulia ni cha fainali ya mapema mwaka 2016. San Miguel ilikuwa imefungwa na klabu ya Alaska michezo mitatu ya kwanza katika fainali ya michezo saba, na Fajardo alikuwa nje kwa maumivu ya goti. Alirudi uwanjani katika mchezo wa tano, na timu iliyokuwa imekwisha kuhesabiwa kuwa imeshindwa ikamaliza kwa ushindi wa michezo minne kwa mitatu. Miaka minne baadaye, Februari 2020, alivunjika mfupa wa muundi mazoezini na kuukosa msimu mzima. Wengi walidhani habari yake imekwisha, kwa kuwa mtu wa umbo lile hubeba uzito wote juu ya miguu hiyo hiyo. Akarudi, na katika misimu miwili iliyofuatana, mmoja ulioishia 2023 na mwingine 2024, akaongeza tuzo ya saba na ya nane.

Hayo yote ameyafanya akiwa kwao, na hapo ndipo linaponigusa mimi niliye mbali na kwetu. Ufilipino ni nchi inayosafirisha watu: manesi, mabaharia, wafanyakazi wa majumbani na mafundi wake wametapakaa dunia nzima, na hapa Qatar ni miongoni mwa jamii kubwa za wageni. Wenzangu wa ghalani wamewaacha watoto wanaokua kupitia kioo cha simu. Lakini mtoto wa familia duni aliyejaliwa urefu na kipaji hakuhitaji wakala wa ajira wala kibali cha ukazi, kwa sababu palikuwa na ngazi ya kupanda iliyosimama nchini mwake: kiwanja cha mtaani, ligi ya vyuo ya Cebu, kisha ligi inayolipa mshahara.

Ngazi hiyo haikujengwa kwa siku moja. Waamerika waliupeleka mchezo huo visiwani mwanzoni mwa karne iliyopita, ukafundishwa mashuleni, na kufikia mwaka 1954 Ufilipino ilishika nafasi ya tatu katika mashindano ya dunia kule Rio de Janeiro. PBA ilianza mwaka 1975, ikiwa ligi ya kwanza ya kulipwa ya mchezo huu barani Asia. Timu zake ni za makampuni, nazo hubeba majina ya bia, umeme, simu na rangi za nyumba, na kampuni hulipa mishahara kwa sababu jina lake linatangazwa kila mchezo unapoonyeshwa kwenye televisheni. Wenzangu hulalamika kwamba makampuni machache yanamiliki timu nyingi, na nadhani malalamiko yao ni ya haki. Hata hivyo, kwa miaka mingi mshahara wa juu ulioruhusiwa na ligi umekuwa peso 420,000 kwa mwezi, fedha inayozidi dola 7,000 za Marekani. Hiyo ni fedha ya kumfanya mtu abaki nyumbani na kulea watoto wake mwenyewe.

Sasa nirudi kwetu. Nilipokuwa kijana nilicheza pale Don Bosco, Upanga, pamoja na mwenzangu mmoja aliyekuwa mrefu kutuzidi sote na mwenye mikono laini ya kufunga. Klabu iliyomchukua ilimpa nauli ya daladala na chakula cha siku ya mechi. Alipooa, nauli haikutosha. Leo ni mlinzi wa usiku, na sijui mtu yeyote mwingine anayekumbuka alivyokuwa akicheza. Mtanzania aliyefika mbali kuliko wote, Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies katika uteuzi wa mwaka 2009 wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, alipitia chuo kikuu cha Marekani. Ninamheshimu sana, lakini njia yake ilipita katika uwanja wa ndege, na njia ya namna hiyo hupitisha mtu mmoja mmoja.

Nakiri kwamba Kombe la Dunia la mpira wa kikapu la 2023 lilinitikisa katika maoni haya. Tarehe 31 Agosti wenyeji Ufilipino walikutana na Sudan Kusini mjini Manila, na sisi tuliutazama mchezo huo chumbani, Wafilipino kumi na mimi peke yangu wa Afrika Mashariki. Sudan Kusini ilishinda 87 kwa 68. Siku mbili baadaye iliifunga Angola na kujipatia nafasi ya kwenda Olimpiki ya Paris. Timu ile imejengwa na watoto wa wakimbizi waliokulia Australia, Marekani na kwingineko, chini ya uongozi wa Luol Deng, mchezaji wa zamani wa NBA, ambaye mwenyewe alikulia Misri na Uingereza. Usiku ule nilitokwa na machozi ya furaha. Wahamaji wanaweza kuijenga nchi, hilo nimeliona kwa macho yangu. Lakini wale walitawanywa na vita, na sisi hatukuwa na vita. Vijana wetu wanatawanywa na nauli ya daladala.

Vijana wa Ufilipino nao wameanza kuondoka, kwa kuwa tangu mwaka 2020 ligi ya Japani imewafungulia mlango, na Thirdy Ravena alikuwa wa kwanza kupita. Wengine wamekwenda Korea Kusini. Tofauti ni kwamba hao wanaondoka wakiwa na mshahara wa nyumbani wa kulinganisha na wa ugenini, na wakitaka kurudi, ligi ipo. Uhuru huo wa kuchagua ndio ninaoutamani kwa vijana wetu. Mimi sikuwahi kuwa nao nilipotia saini mkataba wa kuja hapa.

Mpwa wangu kule Temeke ana miaka kumi na sita na amekwisha kupita mita 1.95. Juzi aliniuliza kwa simu, "Mjomba, huko hakuna timu inayoweza kunichukua?" Nilimwambia nitaulizia, na ni kweli ninaulizia. Nimemtumia pia raba namba 48, ambazo kuya mmoja alinitafutia, pamoja na picha za video za Fajardo akicheza akiwa amelipa mgongo kapu, zikionyesha jinsi anavyosubiri mlinzi aegemee ndipo ageuke. Kombe la Dunia la mwaka 2027 litachezwa hapa Doha, na wenzangu wameanza kuweka akiba ya tiketi. Wamenihesabu na mimi.