Pengo la kipato serikalini halipo kwenye salari slipu, liko kwenye safari

Kila ikitajwa habari ya wanawake kulipwa pungufu serikalini hapa Tanzania haikosi mtu wa kukujibu fasta, mshahara unafuata ngazi bwana, walimu wawili wa digrii wakiajiriwa leo wote wanaanza TGTS D, yaani ngazi ileile ya mshahara wa walimu, awe Asha awe Juma, sasa pengo liko wapi? Kwa salari slipu yuko sahihi kabisa. Ila mtumishi yeyote wa halmashauri anajua watu hawajengi kwa mshahara peke yake.

Chukua posho ya kujikimu. Tangu Julai 2022 kiwango cha chini cha safari za ndani ni 100,000 kwa usiku mmoja, na kima cha chini cha mshahara serikalini kimefika 500,000 Julai 2025. Piga hesabu mwenyewe: ukilala siku tano nje ya kituo umefikia mshahara wa mwezi mzima wa mtumishi wa chini, kabla ya makato! Hata ukitoa hela ya gesti na msosi kuna kitu kinabaki, na makato ya bodi ya mikopo ya wanafunzi hayaigusi posho.

Sasa nani anasafiri? Kuna ofisi majina ya safari yanatoka saa nne usiku, gari inaondoka alfajiri, dada mwenye mtoto anayenyonya anarukwa bila hata kuulizwa, eti wamemwonea huruma. Huruma gani hiyo inayomkosesha mtu hela? Likizo ya uzazi ni siku 84 na mshahara wake anaupata kamili, sawa, ila ndani ya hizo siku mwenzake anapewa kukaimu, anapelekwa semina, anazoeleka kwa bosi, na mama akirudi nafasi ishakaliwa, wakati kwenye makaratasi bado wako daraja moja.

Ndo maana nasema anayetaka kulichunguza hili asiishie kwenye mishahara, wala asichanganye wastani wa nesi na wa injinia akasema kapata jibu. Achukue watu wa kada moja na daraja moja, kisha afungue mafaili ya masurufu (hela anayotangulizwa mtumishi kwa safari au kazi, kisha anaitolea hesabu), barua za kukaimu na orodha za waliopelekwa kozi. Karatasi zipo, wakaguzi wanazipitia kila mwaka kuangalia kama masurufu yamerejeshwa, kwahiyo kuhesabu wangapi ni wanawake na wamelala nje ya kituo siku ngapi sio kazi ya kutuma timu kutoka Dodoma, afisa utumishi na mhasibu wanaimaliza hapohapo ofisini.