Mwalimu wa Kemia Apelekwe Sahare

Wiki iliyopita nilipekua daftari la mtoto wa dada yangu, anayesoma sekondari hapa Tanga mjini. Ameandika kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba polima ni molekuli kubwa inayoundwa na molekuli ndogo nyingi zilizoungana. Nikamwambia, haya mwanangu, nionyeshe polima moja humu ndani. Akaangaza macho chumba kizima, akanijibu, "Shangazi, hiyo hatujafundishwa." Kandambili miguuni, kiti cha plastiki alichokalia, sahani ya wali mbele yake, na vyote hivyo vina polima.

Simlaumu mtoto. Mwalimu wake pia simlaumu, maana alichopewa chuoni ndicho anachokitoa. Nimefundisha kemia mwenyewe na naijua hali. Ninachokasirikia ni jinsi tunavyowaandaa walimu wetu.

Hebu tuutazame mkoa huu. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, kutoka Florida. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kufikia 1964 nchi ilikuwa inazalisha tani 230,000 hivi. Kisha kamba za polipropilini zikajaa soko la dunia, bei ya mkonge ikaanguka. Yapo na mengine, utaifishaji wa 1967 na namna mashamba yalivyoendeshwa, na wazee wa Ngamiani watakubishia hayo mpaka alfajiri. Nakubali. Lakini kiini cha ushindani ule ni kemia. Singa ya mkonge kwa sehemu kubwa ni selulosi, yaani glukosi zilizotungwa kama shanga kwenye uzi mrefu. Polipropilini nayo ni uzi wa kaboni na hidrojeni uliotokana na mafuta ya petroli. Korona, zile mashine za kuchakata mkonge, zilinyamaza na watu wakakosa kazi kwa sababu, pamoja na hayo mengine, polima moja ilizidiwa bei na nyingine. Halafu mwalimu anasimama darasani Muheza, mashamba ya mkonge hayako mbali, anachora ubaoni mfano wa kitabuni ambao hakuna mtoto aliyewahi kuugusa. Inauma.

Nilishawahi kukaa kwenye semina ya walimu wa sayansi ambayo kutwa nzima tulisomewa maandishi ukutani. Tulirudi na kalamu na faili. Hakuna aliyeshika kitu.

Mafunzo ninayoyataka yaanzie ufukweni Sahare. Mwalimu aokote kipande cha kamba ya katani na kipande cha kamba ya plastiki, avifukie pamoja kwenye udongo wenye unyevu nyuma ya shule, avifukue muhula ukiisha. Katani itakuwa inaoza, kwa kuwa bakteria na kuvu wana vimeng'enya vya kuikata selulosi. Ile ya plastiki itatoka kama ilivyoingia. Kisha awaulize wavuvi kwa nini kamba ya plastiki iliyoachwa juani muda mrefu inakauka na kumeguka mkononi. Wao wanaliona kila siku. Mwalimu aongeze sababu: mwanga wa jua unakatakata ile minyororo, na vipande vinaishia baharini bila kuwa vimeoza.

Akate chupa ya maji na kifuniko chake, atumbukize vipande kwenye ndoo na kuvilowesha vizuri. Cha chupa kitazama, cha kifuniko kitaelea. Zote tunaziita plastiki, lakini ni polima mbili tofauti, na wanaochambua taka wanahitaji kujua hilo. Achane pampasi mpya, agawe ile chengachenga ya ndani, nayo ni polima inayofyonza maji, mara mbili, moja aimiminie maji ya bomba, nyingine maji ya bahari. Ya bahari itavimba kidogo tu, chumvi inaizuia. Hapo wanafunzi watauliza maswali ambayo mwalimu hana budi awe ameyafikiria kabla, na ndiyo maana nasema afundishwe yeye kwanza. Wali na mkonge vyote vimeundwa kwa glukosi. Kwa nini kimoja tunakila na kingine hatukiwezi? Jibu liko kwenye namna glukosi zilivyounganishwa, na tumbo letu halina kimeng'enya cha kufungua muungano ule wa mkonge.

Wataniambia darasa lina watoto wengi na mtihani hauulizi kamba. Kweli, mzigo ni mkubwa. Ila ndoo ya maji haihitaji bajeti. Maabara bado tunazitaka, na sitaki mtu ayatumie maneno yangu kuzinyima shule maabara.

Vikao vya MEWAKA vipo, walimu hukutana huko kujifunza wakiwa kazini. Kimoja tu kitengwe kwa polima, kiendeshwe kwa Kiswahili ili mwalimu aelewe kabla hajatafsiri, na kila mmoja aje na kitu kutoka jikoni kwake. Baada ya muhula mtu aende darasani kwake kuona kamba zimefukuliwa au la. Na vyuo vyetu, Korogwe ikiwemo, viwapime walimu tarajali kwa vitendo hivi kabla ya kuwapa vyeti.