Eti Lugalo Hamna Kitu

Tulikuwa tunapanga safari ya Iringa kwenye kundi la WhatsApp, na kama kawaida kila mtu alikuja na pake. Mmoja Ruaha, simba. Mwingine Isimila, maana zile nguzo zinatoka vizuri kwenye picha. Jiwe la Gangilonga likapita bila kupingwa, jua likizama, kila mtu na pozi lake. Mimi nikaandika neno moja tu: Lugalo.

Kimya. Halafu dada mmoja akauliza, "Lugalo si ya hapahapa Dar? Tutoke Dar tukaangalie kambi ya jeshi?" Akaelezwa kwamba kambi, hospitali na kituo cha daladala vyote vimebeba jina la mahali palipo Iringa. Akaingia mtandaoni, akarudi na picha: nyasi, miiba, mnara. Chini yake akaandika, "Jamani, pale hamna kitu." Kura ikapigwa, Lugalo ikaanguka kwa aibu.

Nimekaa na hilo neno wiki nzima na halijaniisha. Hamna kitu! Watu haohao mwaka juzi walilipa kiingilio kwenye ngome moja ya pwani, wakapanga foleni wapigwe picha wamekalia mzinga, wakarudi wakisema wameiona historia. Mwongozaji wetu siku ile alitueleza unene wa ukuta, jina la aliyejenga, na mahali alipolala gavana. Nilipouliza mawe yale yalibebwa na nani, alinitazama kama vile nimeuliza bei ya nyanya.

Sasa ngoja niwaambie Lugalo kuna nini.

Tarehe 17 Agosti 1891, asubuhi, Emil von Zelewski, ofisa wa Kijerumani, alikuwa anapita pale na msafara wake. Ni huyuhuyu aliyewachokoza watu wa Pangani mwaka 1888 mpaka pwani nzima ikawaka moto na Abushiri akaingia vitani. Walimwita Nyundo, na ninaamini hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuja Uhehe na askari zaidi ya 300, wengi wao Wasudani na Wazulu wa kukodiwa, wapagazi karibu 170, mizinga na bunduki za rashasha, akichoma makazi ya watu njiani. Wahehe walikuwa kama 3,000, wamelala vichakani, Mpangile, nduguye Mkwawa mtawala wao, akiwaongoza. Mapigano yenyewe yalikwisha haraka kuliko muda mnaotumia nyie kuchagua picha ya kuposti. Zelewski akafa palepale. Sehemu kubwa ya msafara ikaisha naye, na waliopona wengi ni wale wa nyuma waliokimbilia mlimani na Luteni Tettenborn. Wahehe wakaondoka na bunduki karibu 300. Wajerumani walihitaji miaka mitatu kujikusanya ndipo wakathubutu kurudi kwa nguvu.

Hayo yote mnaweza kuyasoma mkiwa sebuleni, najua. Ila kuna swali moja ambalo kitabu hakikunijibu hata niliposoma mara ya pili: mikuki iliwezaje? Mtu ana rashasha, ana mizinga, ana askari waliofundishwa, wewe una mkuki na ngao. Shuleni tuliambiwa "ushujaa", tukapiga makofi, kengele ikalia. Ushujaa nakubali. Lakini ushujaa ulikuwepo pia mahali ambapo watu walikatwa na rashasha kama mahindi, Mahenge kwenye vita vya Majimaji mwaka 1905 kwa mfano. Kwa nini Lugalo ikawa tofauti?

Ndiyo maana wenzangu walipopanda basi kurudi Dar, mimi nikabaki nikachukua bodaboda.

Ilikuwa Agosti vilevile, baridi ya Iringa na ule upepo wake usiokuwa na adabu. Majani yamekauka, vichaka vimebaki miiba mitupu, ila vimesongamana. Majabali huku na huku. Nikamwambia yule kijana, dogo, nifanyie kitu kimoja, tembea kwenye hicho kinjia taratibu, kama mtu mwenye mzigo kichwani. Akacheka, akakubali, akajitwisha kofia yake ngumu. Mimi nikatoka nje ya njia, nikachuchumaa nyuma ya kichaka ambacho wala sikukichagua. Ni cha kwanza nilichokifikia.

Alinipita. Alinipita karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningeshika mfuko wa jaketi lake, na hakuniona, na alikuwa ananitafuta! Akaenda mbele, akasimama, akageuka akaita, "Bosi, umepoteza kitu huko?"

Basi jibu lilikuwa palepale, bila kibao wala tiketi. Rashasha inataka nafasi, inataka umbali wa kumwona mtu anakuja. Pale umbali haupo. Mizinga ya Zelewski ilikuwa mgongoni mwa punda, na punda walipotishika walikimbia wakawavamia askari wenyewe. Msafara umejivuta kwenye njia nyembamba, mtu nyuma ya mtu, wa mbele hajui yanayompata wa nyuma. Askari anapata muda wa kufyatua mara moja, pengine mbili, halafu mkuki umeshafika. Mpangile alichagua mahali ambapo silaha ya Mjerumani inageuka mzigo. Hiyo ni akili ya vita, na akili hiyo huwezi kuiona mpaka usimame kwenye ardhi iliyotumika. Miaka yote tumesifiwa kwa ujasiri, kana kwamba babu zetu walikuwa wanajirusha tu mbele ya risasi. Ile ardhi inasema walipiga hesabu.

Ngome hainiambii hivyo. Ngome ilijengwa ili ionekane, hiyo ndiyo kazi yake. Mwenyewe alitaka umwone ana nguvu, na wewe karne nne baadaye unalipa kiingilio ili uendelee kumwona ana nguvu.

Na tazameni ni ngome zipi zilizobaki. Fort Jesus ya Wareno, 1593. Gereza ya Kilwa Kisiwani, Wareno tena, kisha Waomani. Ngome Kongwe ya Unguja, Waomani. Maboma ya Wajerumani huku na huku, la Mikindani limekuwa hoteli, unaweza kulala humo ukapata na kifungua kinywa. Mkwawa naye alijenga ngome Kalenga, ukuta wa mawe mrefu kuliko mtu ukiuzunguka mji. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani wakaipiga mizinga, wakaipanda, wakaibomoa. Leo unaoneshwa vipande. Kwa hiyo msafiri anayesema "mimi napenda ngome" bila kujua anazunguka nyumba za waliobomoa za wenzao. Sisemi msiende. Nendeni. Lakini mkifika Kalenga mkaona makumbusho ni chumba kidogo, msibinue midomo.

(Hilo fuvu la Mkwawa lililomo mle, kwa wasiojua, Wajerumani walilichukua, na limetajwa kwenye Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246. Mataifa yamemaliza vita kuu ya dunia, wanagawana Ulaya, halafu katikati ya karatasi wanadai kichwa cha Mhehe. Likarudi 1954 mikononi mwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wetu. Kuna nchi zingekuwa zimeshatengeneza sarafu.)

Turudi Lugalo, maana kuna kituko. Mnara uliopo pale, ule wa kwenye picha ya dada yetu, ni wa Zelewski na Wajerumani wenzake. Walioshindwa ndio wenye mnara! Walirudi baadaye, wakajijengea kumbukumbu kwenye uwanja waliochapwa, na sisi tumeulinda. Kuna siku nilitaka kusema ung'olewe. Sasa nasema ubaki, tena kwa shingo upande, kwa sababu bila huo pengine pasingejulikana kabisa. Lakini aibu si yao.

Na hata tukijenga wetu kesho, naujua utakavyokuwa. Mkwawa juu, mkuki mkononi, jina la mheshimiwa aliyekata utepe kwa herufi kubwa. Wapagazi hawatakuwemo. Karibu mia moja kati yao walikufa asubuhi ile ya Agosti, watu waliokuwa wamebeba mizigo ya mtu mwingine kwenda kwenye vita visivyowahusu. Hawakuwa Wajerumani wapate mnara, hawakuwa Wahehe wapate wimbo.

Hapa mniwie radhi, utani naweka pembeni. Hili la wapagazi ndilo linalonifanya nisafiri. Vita vya 1914 vilipofika huku havikuwa na magari ya kutosha wala reli ya kutosha, mbung'o waliua wanyama wa mizigo, kwa hiyo kila gunia la unga na kila sanduku la risasi likapanda kichwani mwa mtu. Walikufa kwa kuhara, kwa homa, kwa njaa, maelfu kwa maelfu. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda wakafika 350,000. Ukienda kwenye makaburi yoyote ya tume hiyo utakuta nyasi zimekatwa sawasawa na mawe meupe yamepangwa. Pazuri sana. Tafuta jina la mpagazi. Kambi ya wapagazi ya Dar ndiyo hiyo Kariakoo mnayokwenda kununua viatu.

Nyuki wa Tanga nao wana jina kuliko hao watu. Novemba 1914 Waingereza walishuka na jeshi kama 8,000, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ana watu kama 1,000, Waingereza wakatimuliwa, na kila mwongozaji atakusimulia nyuki waliowavamia. Mmoja aliniapia kwamba Wajerumani waliwafundisha. Nyuki!

Nikiri basi upande wa pili, msije mkasema nabisha kwa kubisha. Uwanja wa vita ukiufikia hujasoma, utaona majani kweli. Choo hakuna, kivuli hakuna, maji ubebe. Na Songea wameweza: kaburi la pamoja la mashujaa wa Majimaji walionyongwa Februari 1906, makumbusho pembeni, na kila Februari watu wanakusanyika. Mwaka 2023 rais wa Ujerumani alisimama pale akaomba radhi. Kwa hiyo tukitaka tunajua kufanya.

Kwa Lugalo sitaki makubwa. Nisiletewe ukumbi wa mikutano wala sanamu ya saruji yenye macho ya kutisha. Nataka kinjia kisafishwe kiasi cha kupitika, vichaka viachwe kama vilivyo kwa sababu vichaka ndiyo maelezo yenyewe, na kibao kimoja cha Kiswahili kinachosema nani alikuwa upande gani, na wapagazi wangapi walikufa. Na kijana mmoja wa kijijini alipwe kuwachuchumaza wageni kichakani. Nina hakika hata dada yetu wa "hamna kitu" angeposti.

Safari ijayo ni kusini, Mahiwa, Oktoba 1917, siku nne za mauaji kati ya Waingereza na Wajerumani ambazo mabasi ya Lindi–Masasi yanazipita kwa kasi kila siku, abiria wamelala. Kundi nimeshaliaga. Nitashukia Nyangao. Mwenye shangazi au mjomba maeneo yale, anayejua mashimo ya vita yalipo, aniunganishe naye. Sukari ya kumpelekea mwenyeji nitabeba.