Nani kawaambia "rafiki yangu" ni kosa?

Wiki iliyopita nasahihisha madaftari ya darasa la tatu nikakutana na "Mama wangu anapika ugali", nikaweka kalamu chini. Huyu binti namjua, kwao Kiswahili ndo lugha ya nyumbani, hajawahi kutamka mama wangu tangu azaliwe. Nikamuita, mwanangu hii umeitoa wapi? Akasema, "Kwenye kishikwambi, mwalimu."

Na kweli. Vile vishikwambi vya sensa ya 2022 tulivyokuja kupewa walimu, changu nimekiwekea programu ya mazoezi ya Kiswahili, watoto wanapokezana kwa makundi. Kuna zoezi la kujaza nafasi, "Huyu ni rafiki ____", wachague wangu, yangu au changu. Yeye akagusa yangu kama anavyosema kila siku, ikatokea alama nyekundu na mlio wa kukosa. Akagusa wangu, nyota zikajaa kioo kizima. Mtoto akajiongeza mwenyewe, kama rafiki ni wangu basi na mama ni wangu, na dada, na baba. Yaani amefikiri vizuri kabisa, ila alichofundishwa ndo cha uongo.

Imeniuma sana hii. Aliyetengeneza alishika kanuni moja tu, kiumbe hai yuko ngeli ya A-WA kwa hiyo wote wangu, na kwa mwalimu wangu, ng'ombe wangu, mtoto wangu yuko sahihi. Lakini Kiswahili kikifika kwenye undugu na urafiki kina mambo yake, ni mama yangu, kaka yangu, shangazi yangu, rafiki yangu, wakiwa wengi ndugu zangu, halafu hapohapo ni mume wangu na mke wangu. Huwezi kuikariri kwa mstari mmoja, unaisikia kwa watu wanavyoongea. Huyu binti alishaisikia nyumbani, akaambiwa amekosea, akaiamini mashine kuliko mama yake! Na je yule anayetoka nyumba ya Kisukuma au Kigogo, ambaye Kiswahili anakuja kukipata shuleni, akidanganywa hivi nani atamrudisha? Mimi nikikosea ubaoni kuna mtoto atanyoosha mkono aniulize, tutabishana, darasa zima litachangia na somo litanoga. Kile kishikwambi hakimsikilizi mtu.

Na sio hilo tu. Picha ya viazi, mtoto aliyelelewa Unguja akasema mbatata, akakosa. Sauti inayosoma inakosea mkazo, barabara ya kupita magari inatamkwa kama barabara ya "sawasawa".

Sisemi tuvitupe. Yale mashindano ya XPRIZE kule Tanga, ya kutafuta programu ya kumsaidia mtoto ajifunze kusoma mwenyewe, nayakubali, japo kwa shingo upande, maana vishikwambi vilipelekwa vijiji karibu 170, kwa watoto ambao wengi hawakuwahi kuingia darasani na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ikashuka karibu nusu. Timu mbili, Onebillion na Kitkit School, zikashinda pamoja 2019 na zilistahili. Ila programu zile zilikuwa za hatua za mwanzo, herufi, silabi, maneno, na Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, hapo mashine inaweza kumshika mtoto mkono. Tukishafika kwenye kutunga sentensi na kusimulia, naomba sana akae mtu pembeni, na kabla programu haijaletwa darasani walimu wa Kiswahili wapewe waipitie zoezi kwa zoezi.

Binti nilimwambia yuko sahihi yeye na mama yake, nikamwandikia kwenye daftari kwa wino mweusi, mama yangu, rafiki yangu. Akaniuliza, "Sasa mwalimu, nikirudi kwenye kishikwambi nijibu ipi?" Nikamwambia jibu yangu hata kikilia. Ile programu ina sehemu ya kutuma maoni, nimewaandikia mara mbili. Jana nimeifungua tena, bado nyekundu.